Mti Unaoinamia Nyumba Ukatwe Kabla ya Mvua

Mazungumzo kwa mabaraza ya wakazi, Kaunti ya Kakamega



Mti ukiangukia nyumba usiku, asubuhi majirani hukusanyika, na hakosekani mtu wa kusema kwamba mti ule ulikuwa umeanza kuinama tangu mwaka jana. Mara nyingi anayesema hivyo ni mama wa boma au nyanya. Aliuona kila siku akifagia uwanja, ila hakuwa na ruhusa ya kuukata. Mwenye mti yuko Nairobi. Au mti ni wa marehemu na ndugu hawajasikizana. Au umesimama mpakani na jirani hataki kusikia habari zake. Mazungumzo haya yanahusu mti huo, na ruhusa hiyo.

Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Kenya hazikioni. Mchana jua huchoma ardhi, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda na kukutana na upepo wa mashariki kwenye miinuko ya Nandi, na alasiri mawingu huja na radi, mvua ya mawe na upepo wa ghafla. Upepo huo ni hewa baridi inayoporomoka kutoka winguni, ndiyo maana hupiga hata kabla ya matone ya kwanza. Huwa ni kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Watoto wametoka shule, mama yuko jikoni, na katika boma nyingi jikoni kumejengwa nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi.

Jambo la kwanza ni kujua kama mti unaweza kuifikia nyumba. Mkazi achukue fimbo yenye urefu sawa na mkono wake, kutoka jichoni hadi kwenye ngumi. Aishike wima mbele yake, mkono ukiwa umenyooka, kisha arudi nyuma mpaka sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi ilingane na mti kutoka chini hadi kileleni. Pale aliposimama, umbali wa kwenda kwenye shina ni karibu sawa na urefu wa mti. Ikiwa nyumba, jikoni au choo kiko ndani ya umbali huo, mti huo uchunguzwe.

Uchunguzi uanzie chini, ingawa watu wengi huangalia juu. Udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina ni dalili kwamba mizizi imeanza kuachia. Uyoga unaoota kwenye shina au mizizini unaonyesha kuoza ndani, hata kama majani bado ni mabichi. Mti ulioinama tangu utoto na kujikunja kuelekea juu unaweza kukaa miaka mingi. Wa kuogopwa ni ule uliokuwa wima na sasa umelala kidogo. Kisha iulizwe ni nini kimechimbwa karibu nao. Shimo la choo, mtaro wa maji, udongo uliotolewa kufyatua matofali: vyote hukata mizizi, na mti hauangushwi siku hiyo. Husubiri ardhi ilowe.

Mkaratusi unahitaji maneno yake. Ukikatwa, kisiki huchipua mashina mengi, na wengi huyaacha yote yakue kwa sababu kila moja ni pesa ya kesho. Mashina hayo yameshikilia ukingo wa kisiki tu, na kisiki chenyewe kinaoza. Yabakizwe mawili au matatu yaliyo na nguvu, mapema, yakiwa bado membamba. Jambo jingine husahaulika: jirani akiuza msitu wake wote wa mikaratusi, ile iliyobaki upande wa pili wa mpaka, iliyokuwa imekingwa miaka yote, sasa inapigwa na upepo kwa mara ya kwanza. Wiki hiyo hiyo boma lililo chini yake lichukue tahadhari.

Grevilea haina tatizo la kisiki, ila matawi yake huvunjika upesi. Mparachichi na mwembe huelemewa na matunda, hasa mahali shina linapogawanyika panda na gome likabanwa katikati. Panda hiyo hupasuka kama kuni. Dawa ni kupunguza matawi, wala si kukata kichwa cha mti. Mti uliokatwa kichwa huchipua fimbo nyingi zisizoshika vizuri, na baada ya miaka michache hatari imerudi ikiwa juu zaidi. Yaondolewe matawi makavu na yanayolalia paa, bila kuzidi robo ya majani kwa mara moja. Tawi kubwa hukatwa mara tatu: kwanza chini yake, futi moja hivi kutoka shina, kisha juu, mbele kidogo ya hapo, ili lianguke bila kuchuna gome, mwisho kile kipande kilichobaki, karibu na uvimbe ambapo tawi hutokea, uvimbe wenyewe ukiachwa.

Sasa ruhusa. Kwa desturi ya Waluhya wengi, mti ulikuwa mali ya mwanamume na alama kwamba ardhi ni yake. Mwanamke hakutakiwa kupanda mti, na ilisemwa kwamba akipanda atafiwa na mume. Katika miaka ya 1980, mradi wa kuni uliofanya kazi hapa Kakamega ulikuta mashamba yenye miti mingi huku akina mama wakikosa kuni, kwa kuwa miti ile haikuwa yao kukata. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini si katika kila boma. Anayelala chini ya mti ni mama na watoto. Anayeamua yuko mbali na anaukumbuka mti kama ulivyokuwa Krismasi.

Simu sasa zina picha. Picha tatu za shina, mizizi na paa zikitumwa Januari humaliza ubishi ambao maneno hayaumalizi. Januari pia ndiyo miti huuzwa kwa ajili ya karo, na mnunuzi huchagua iliyonyooka, akaacha mbovu imesimama juu ya nyumba. Mwenye boma aseme mapema: anayetaka mzuri ataondoa na mbaya. Mti wa mpakani upelekwe kwa mzee wa kijiji, na kwa chifu ikibidi, wakati ardhi bado kavu na watu hawajakasirikiana. Kusafirisha magogo au mbao kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kwa hiyo afisa wa misitu aulizwe kabla gari halijaja.

Mti unaogusa waya wa umeme usiguswe na fundi wa kijijini, hata awe na msumeno wa injini na uzoefu wa miaka. Kenya Power huarifiwa kwa nambari 97771. Waya ukianguka, watu na mifugo wakae mbali, na uhesabiwe kuwa una umeme.

Haya yote hayana maana ya kuliacha boma likiwa tupu. Mabati ya nyumba isiyokingwa na chochote hung'oka upesi. Mstari wa miti hupunguza upepo kwa umbali wa takriban mara 10 ya kimo chake, na mkazi anajua upepo mkali hutoka wapi akitazama mahindi yalilalia upande gani. Mirefu ipandwe mbali na nyumba kuliko kimo itakachofikia. Karibu na ukuta, mpera na mlimau vinatosha. Mche uliokaa muda mrefu kwenye mfuko wa plastiki mizizi yake hujizungusha chini, na mti hukua mnene bila kushika ardhi. Mizizi hiyo ikatwe kwa wembe siku ya kupanda.

Na wakati wa matanga, hema lisifungwe chini ya mti mkubwa kwa ajili ya kivuli. Asubuhi kivuli ni kizuri. Saa tisa alasiri waombolezaji bado wamekaa hapo hapo, na radi imeanza.