Malalamiko ya Mkubwa, Seli ya Mwalimu

Juni 7, 2025, polisi walimkamata Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, nyumbani kwao Kaunti ya Homa Bay. Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat, alikuwa amelalamika kuwa amechafuliwa jina mtandaoni. Lalamiko hilo lilitosha kumsafirisha kijana huyo zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi.

Baba yake alimfuata, mkononi akiwa na hatimiliki ya shamba ili amwekee mwanawe dhamana. Akaambiwa ameshafariki.

Polisi walidai Ojwang alijigonga ukutani ndani ya seli ya Kituo cha Central. Upasuaji wa maiti ukaonyesha mengine: majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Lagat alikaa kando kwa muda. Polisi watatu na raia watatu wakashtakiwa kwa mauaji.

Mama muuza omena akitukanwa mtandaoni, ni nani atakayemtumia gari la polisi?

Majirani wa Homa Bay, watu wa Migori, wanayajua haya. Septemba 2018, mwili wa Sharon Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo aliyekuwa mjamzito, ulipatikana msitu wa Kodera. Gavana wa Migori, Okoth Obado, alishtakiwa kwa mauaji yake pamoja na wengine wawili, akakana. Muhula wake ulikwisha 2022 kabla ya hukumu.

Familia hizi zimepokea rambirambi za kutosha. Sasa mashahidi walindwe, kesi zisikizwe mfululizo, na lalamiko la afisa mkuu lisichunguzwe na walio chini yake.