MCHWA NA MFUKO WAKO: TUTARAJIE KULIPA NINI?

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Ukisha kusoma, msomee na mwenzio. Tafadhali usichane gazeti hili.)



Mvua za kwanza zimekaribia. Zikianza tu, kumbikumbi watatoka, na watoto watakimbilia na mabeseni. Hilo ni jema, ni kitoweo. Lakini kumbikumbi ni mchwa anayekwenda kuanza nyumba yake mpya, na nyumba hiyo huenda ikawa chini ya msingi wako.

Mwezi huu watu wamepita kijijini wakitangaza dawa ya mchwa. Mmoja anadai bei hii, mwingine anadai mara tatu yake. Wanachama wamekuja ofisini kuuliza: bei ya haki ni ipi? Jibu langu ni kwamba bei moja ya nyumba zote haipo. Iko hesabu, na hesabu hiyo kila mtu anaiweza. Asiyejua kuhesabu atalipa bei atakayotajiwa.

Kwanza, tumjue adui. Mchwa wetu wengi wanaishi ardhini. Wanahitaji unyevu, hawapendi jua, ndiyo maana hujenga vijia vya udongo ukutani wakipanda kwenye mirunda na fito za paa. Wanaanza kula ndani, nje mti unaonekana mzima. Bandu bandu huisha gogo. Sisi wa Dodoma tunajua: tembe linabeba udongo juu, na nguzo ikiliwa, udongo wote huo unawashukia waliolala.

Pili, tutazame kazi isiyokuwa na gharama. Kila wiki zunguka nyumba yako. Ukiona kijia cha udongo, kikwangue. Ondoa kuni na mabua yaliyoegemezwa ukutani. Usiruhusu maji ya kuoga kutuama penye msingi. Kichuguu kilicho karibu na nyumba kichimbueni mpaka mkipate chumba cha malkia. Malkia akitolewa, mara nyingi kichuguu hufa. Ila wapo mchwa wasiojenga kichuguu juu ya ardhi, kwa hiyo usiseme sina kichuguu, niko salama.

Jivu na majani ya mwarobaini husaidia kwa muda mfupi tu, kisha inabidi kurudia. Oili chafu nayo huwafukuza kwa muda, lakini huharibu udongo na inaweza kuingia kwenye maji. Tusiimwage karibu na kisima.

Tatu, dawa yenyewe. Wazee wanakumbuka aldrini na dieldrini za zamani. Jamani, hizo zimekwisha kupigwa marufuku. Mataifa yalikubaliana Stockholm mwaka 2001, na mkataba ukaanza kufanya kazi mwaka 2004, kwa sababu sumu hizo hukaa ardhini miaka mingi na huingia katika miili ya watu na wanyama. Mtu akikunong'oneza ati anayo ile ya zamani yenye nguvu, mfukuze. Dawa inayofaa ina lebo yenye jina la kiuatilifu, kipimo, na tarehe ya mwisho wa matumizi, na imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda usiinunue hata kwa senti tano.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue nyumba ya mita 6 kwa mita 9. Jumlisha pande nne: 6 na 9 na 6 na 9, unapata mita 30. Kuzunguka ukuta unachimbwa mfereji mwembamba wa sentimita 30 kwenda chini, sawa na rula ya shule. Kipimo cha kawaida ni kama lita 5 za dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji kwa kila mita moja ya mfereji. Mara 30, ni lita 150. Hiyo ni mabomba 10 ya mgongoni ya lita 15.

Mnasikia? Mabomba kumi! Kuna mama mmoja hapa kijijini alitozwa fedha ya nyumba nzima, na mpigaji alikuja na bomba moja tu, akalipulizia ukutani, akaondoka. Mchwa hawakai ukutani, wanapita tu. Mama yule alilipia maji ya kunyunyiza vumbi.

Tuendelee. Tuseme lebo inataka mililita 5 kwa lita moja ya maji. Kwa lita 150 unahitaji mililita 750. Bei ninazotaja sasa ni za kujifunzia hesabu tu, za kweli tutaziuliza mjini. Tuseme chupa ya lita moja ni shilingi 40,000. Maji ni madumu 8, kila dumu shilingi 500, jumla 4,000. Mpigaji anataka 20,000 kwa nyumba, na nauli yake na mizigo 40,000. Mfereji unachimba mwenyewe.

Ukimwita peke yako, utanunua chupa nzima. Utalipa 40,000, na 4,000, na 20,000, na 40,000. Jumla shilingi 104,000, na robo lita ya sumu inabaki ndani ya nyumba yenye watoto.

Mkiwa wanne wenye nyumba kama hiyo, mnanunua chupa tatu kamili, hakibaki kitu. Kila mmoja atatoa 30,000 ya dawa, 4,000 ya maji, 20,000 ya kazi na 10,000 ya nauli. Jumla shilingi 64,000. Ushirika umekuokolea shilingi 40,000, na kazi ni ile ile.

Kwa anayejenga nyumba mpya: piga dawa kabla ya kumwaga zege la sakafu. Mita 6 mara 9 ni mita 54 za eneo. Kwa lita 5 kila mita ya eneo, ni lita 270. Utaona ni nyingi, lakini baada ya zege kukauka itabidi utoboe sakafu, na fundi wa kutoboa naye anataka chake. Mwenye tembe ajue kwamba nguzo za ndani nazo huchimbuliwa kuzunguka, kwa hiyo aongeze kidogo.

Kabla hujalipa, uliza mambo manne: dawa gani? Lita ngapi zilizochanganywa? Utarudi lini kukagua? Mchwa wakirudi utafanya nini? Yaandikwe, na mpigaji aweke sahihi. Anayekuahidi kinga ya maisha anakudanganya. Dawa nzuri iliyopigwa vizuri hulinda miaka michache, kisha hurudiwa.

Tahadhari: fipronili na imidaklopridi, zilizomo katika dawa nyingi za mchwa, ni hatari sana kwa nyuki. Wenye mizinga wapewe taarifa mapema. Watoto na kuku wafungiwe mbali, kisima kiepukwe, mpigaji avae glovu na buti. Chupa tupu zitobolewe, zisitumike tena kwa maji wala mafuta. Na kumbikumbi wanaotoka penye dawa msiwale.

Mwisho, ghala letu. Alizeti na karanga za wanachama wote zimo mle, na nguzo mbili za upande wa nyuma zina vijia vya udongo. Kila mmoja akazitazame kwa macho yake. Pendekezo langu ni hili: tuanze na ghala, na wanaotaka kwa nyumba zao waandikishe majina na vipimo ofisini kabla ya mkutano ujao. Wajumbe wawili wachaguliwe waende mjini kuuliza bei katika maduka yasiyopungua matatu, na bei zote zibandikwe hapa ukutani, kila mtu azisome. Mkutano ndio utakaoamua.

Mchwa wanajenga kichuguu kwa kushirikiana. Sisi nasi tusishindwe na wadudu kwa ushirika.