Uhandisi Ujenzi na Maji Yetu: Maneno kwa Vijana wa Maji ya Chai



Katika maadhimisho haya ya hekalu letu tumeombwa tuseme na vijana wanaotaka kusoma uhandisi ujenzi chuo kikuu. Sisi ni watu wa duka, na elimu yetu iliishia sekondari. Saruji, nondo na mabomba tumeviuza miaka mingi, tukajifunza jambo moja: mfuko wa saruji ni uleule kwa kila mteja, lakini nyumba moja husimama na nyingine hupasuka. Tofauti haimo mfukoni. Imo katika elimu ya yule aliyepima udongo, akakadiria maji ya kuchanganyia, akalipa zege siku zake 28 kukomaa.

Elimu hiyo ipo nchini. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na shahada yake huchukua miaka 4. Mwanafunzi husoma hisabati, uimara wa vifaa, tabia ya udongo, mwendo wa maji, upimaji wa ardhi na barabara. Wakati wa likizo huenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Akihitimu, hufanya kazi chini ya waliomtangulia kwa miaka ipatayo 3 ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi imsajili kuwa mhandisi kamili. Jumla ni miaka 7. Mzazi mfanyabiashara huihesabu kuwa hasara, kwani amekosa msaidizi dukani. Tunaomba hesabu hiyo ifanywe upya, na sababu yetu inapita hapa hapa, mtoni.

Mahali hapa pamepata jina kutokana na rangi ya maji yake. Rangi huonekana, madhara makubwa hayaonekani. Maji ya eneo la Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano na kubeba floridi. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita; Tanzania iliwahi kuruhusu vijijini hadi 8, kwa kukosa vyanzo vingine. Ndiyo maana wengi waliokulia huku wana meno ya kahawia, na baadhi ya watoto miguu imepinda. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floridi hubaki.

Jirani yetu, Ngurdoto, kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floridi. Njia yake ijulikanayo zaidi ni chujio la makaa ya mifupa ya ng'ombe. Njia hiyo inafanya kazi, wala hatuidharau. Lakini katika nyumba zetu nyingi maji hayo hayanyweki, nasi twalisema bila kumkwaza jirani. Huko India wahandisi walikabili tatizo hilohilo, wakabuni njia ya shabu na chokaa iitwayo Nalgonda, kwa jina la wilaya yenye maji kama yetu. Nayo imejaribiwa Tanzania. Hudai kipimo sahihi kila siku, na tope lake litupwe mahali salama. Njia ya tatu ni kuvuta kwa bomba maji ya chemchemi yenye floridi kidogo. Ipi ifae kijiji kipi, na kwa gharama gani? Swali hilo muuza mabomba hawezi kulijibu. Humngoja mhandisi.

Basi wazazi wenzetu, mtoto aliyefaulu Fizikia, Kemia na Hisabati, awe wa kike au wa kiume, asirudishwe kaunta kwa kuwa tu kaunta ipo. Duka laweza kuajiri msaidizi. Dini yetu hutufundisha seva, utumishi usiodai malipo, na kumpa maji mwenye kiu ni seva ya tangu kale. Zamani mtungi mlangoni ulitosha. Leo, hapa Maji ya Chai, mtungi huo lazima kwanza upimwe.

Nanyi vijana, nendeni mkasome kwa bidii, kisha mrudi. Majirani waliotupokea wanakunywa maji yaleyale.