Dawa Mbili na Figo za Mgonjwa

Kwa miaka mingi matabibu wamehadhari kumpa mgonjwa aliyelazwa viuavijasumu viwili kwa pamoja, vankomaisini na piperasilini-tazobaktamu, kwani damu yake ikipimwa aghalabu huonyesha kreatinini, taka inayotolewa na figo, imepanda, nayo ndiyo tuliyozoea kuihesabu kuwa dalili ya figo kudhurika. Lakini jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2023, ambamo wagonjwa wapatao 2,500, wengi wao wakitumia vankomaisini, waligawanywa kwa kura baina ya piperasilini hiyo na kiuavijasumu kingine, sefepimu, halikuona tofauti katika figo; bali sefepimu, ajabu, ndiyo iliyozidisha siku za kuchanganyikiwa akili au kupotewa na fahamu. Yamkini kreatinini hupanda kwa kuwa piperasilini huizuia tu isitoke kwa mkojo. Hata hivyo vankomaisini ikizidi hudhuru figo. Basi, waganga, ipimeni kiasi chake katika damu, na isipohitajika tena isimamisheni.