NENO LA MUNGU KATIKA KAZI NA MAISHA YA KILA SIKU

Mafundisho ya mkatekista wa Kashuga kwa wakristu, wakati wa maandalizi ya Jubilei ya parokia





Baraza la parokia limenipa kazi ya kusema juu ya kusoma Biblia kila siku na faida yake katika maisha ya mkristu. Wakati wa jubilei ni desturi kuhesabu: waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa, makanisa madogo yaliyojengwa kwa miti, kisha kwa matofali. Hesabu hizo zina vitabu vyake, na Bwana Paroko ndiye mwenye kuvifungua. Mimi nataka tuulizane neno ambalo halina kitabu cha kuliandikia. Yale tuliyoyasikia miaka hii yote yamegeuza nini katika namna tunavyopima maharagi sokoni, tunavyolima kando ya mpaka wa jirani, na tunavyosema juu ya watu wasio wa kabila letu?

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10, mwalimu mmoja wa Sheria alimwendea Yesu ili amjaribu. Yesu hakumtuma kutafuta kitabu, kwa maana alijua kwamba mtu huyu anacho, tena amekishika kwa kichwa. Alimwuliza kilichoandikwa, kisha akaongeza swali la pili: yeye anakisoma namna gani? Yule mwalimu akajibu vizuri kabisa, bila kosa. Ni baada ya jibu hilo jema ndipo Yesu alipoleta mfano wa Msamaria, na akamaliza kwa kumwagiza aende akafanye vile vile. Basi mtu anaweza kupata maksi zote katika mtihani wa Biblia, kisha akampita aliyelala njiani. Kuhani na Mlawi hawakukosa kusoma. Na njia ile ya Yerusalemu kwenda Yeriko haikuwa mbali sana na hii yetu ya Mweso kwenda Kalembe na Pinga. Sisi wote tunajua maana ya kumkuta mtu amelala kando ya njia, na tunajua pia sababu zote ambazo mtu hujipa ili asisimame.

Wazee wetu hawakuzoea kuwa na Biblia nyumbani. Walipewa Katekisimu, sala, na Historia Takatifu, nao wakaishi kwa hayo. Asiwepo wa kuwazarau, kwani wengi wao walitenda zaidi kuliko sisi tulio na kitabu chote. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu, Dei Verbum, ya tarehe 18 Novemba 1965, uliagiza kwamba Maandiko yafunguliwe kwa waamini wote, na ukawahimiza wakristu wote wayasome mara kwa mara. Mwaka 1969 Kanisa likatoa mpango mpya wa masomo ya Misa: miaka mitatu kwa Dominika, na miaka miwili kwa somo la kwanza la siku za kazi. Kwa hiyo mkristu asiyeweza kufika Misa kila siku anaweza, akiwa na kalenda ya liturjia, kusoma maneno yale yale yanayosomwa siku hiyo Roma, Kinshasa na Goma. Nyumba iliyo kilimani, ambako Padri hufika mara chache, inakaa hivyo meza moja na Kanisa zima.

Tena sisi wa pande hizi tulikuwa na walimu wa karibu. Mwaka 1954 watawa Watrapisti waliotoka Scourmont, katika Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Mokoto. Kwao kusoma Neno la Mungu si kazi ya akili peke yake. Wanaita lectio divina, maana yake kusoma kwa kimungu. Mtawa mmoja wa karne ya 12, jina lake Guigo, aliifananisha na ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa kimya. Mtu asome polepole, mistari michache, mpaka neno moja limshike. Mwenye kumeza chakula bila kutafuna hajui utamu wake.

Katika mashirika yetu tunafuata njia nyingine iliyo ndugu ya ile, yaani hatua saba za kushirikiana Injili, zilizotoka katika Taasisi ya Lumko huko Afrika ya Kusini. Mnazijua: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunachagua maneno na kuyarudilia, tunanyamaza, tunaelezana yaliyotugusa, tunatafuta kazi ambayo Bwana anatuagiza, na tunasali. Nimetembelea mashirika mengi, nami nitasema waziwazi nilichokiona. Hatua ya tano inachukua muda mrefu, kwa sababu sisi ni watu wa kupenda maneno. Kisha jua linashuka, wamama wanafikiri moto, mvua inaanza kutisha, na msimamizi anasema: "Basi tusali." Hatua ya sita imerukwa. Lakini ndiyo hatua inayomtoa Msamaria juu ya punda wake! Pasipo hiyo tunabaki kama mtu yule wa barua ya Mtakatifu Yakobo, sura ya 1, aliyejitazama katika kioo, akaenda zake, na mara akasahau sura yake.

Tuchukue mfano wa soko. Nabii Amosi, sura ya 8, anaonyesha wafanya biashara wanaongoja kwa hamu siku ya Sabato ipite, kusudi wapunguze kipimo, waongeze bei, na kuuzisha hata makapi ya ngano. Walikuwa katika sala, ndiyo, lakini roho zilikuwa zimekwisha kutangulia sokoni. Mkristu akisoma sura hiyo asubuhi, asitafute Waisraeli wa zamani. Atazame kopo lake la kupimia: je, limegongwa chini likainuka? Je, maharagi mazuri yamewekwa juu na yale yaliyoliwa na wadudu yakafichwa katikati? Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 25, kinakataza kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzishia. Mungu ameingia hata katika kopo.

Wengine watasema: hayo ni mambo madogo, na siku hizi anayefuata haki ataona njaa. Nitawajibu kwa jina la kijana wa jimbo letu wenyewe, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei, mfanyakazi wa serikali katika Office Congolais de Contrôle, ofisi inayochunguza vitu vinavyoingia nchini, naye alifanya kazi huko mpakani. Alikuwa pia wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambayo hukusanyika kusali na kusikiliza Neno la Mungu, na huwatumikia maskini. Yeye alishughulika na watoto wa barabarani. Ulipofika mchele ulioharibika, akapewa feza ili aupitishe. Akakataa, kwani watu wangeula na kuumia. Katika Julai 2007 alikamatwa na watu, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Tazameni, wandugu: utakatifu wake haukuonekana katika jambo la ajabu. Ulionekana juu ya meza ya ofisi, mbele ya karatasi moja iliyongoja mkono wake. Siku ile hapakuwa na nafasi ya kwenda kutafuta Biblia na kufungua kurasa. Neno lilikuwa limekwisha kukaa ndani. Hiyo ndiyo sababu tunasoma kila siku, na si siku ya shida peke yake. Anayelima wakati wa njaa amechelewa.

Jambo la pili ni mashamba. Katika Masisi na Walikale watu wengi wamekimbia vita, wakarudi, wakakimbia tena. Anayerudi anamkuta mwingine amelima mahali pake. Na huyu naye alifukuzwa kwao. Kumbukumbu la Sheria, sura ya 19 na ya 27, linakataza kusogeza alama ya mpaka ya jirani. Lakini kitabu kile kile, sura ya 24, kinaamuru masalio ya mavuno yaachwe kwa mgeni, yatima na mjane. Haya mawili yasitenganishwe. Ninawaona wenye mashamba wakishika mstari wa kwanza, na wasio na shamba wakishika wa pili, kila mmoja na kipande chake cha Biblia kama fimbo. Afazali wakae pamoja mbele ya kitabu kizima, na wazee wakiwapo, kabla ya kwenda tribinali ambako wote wawili watauza mbuzi ili kulipa. Biblia haichukui nafasi ya sheria. Lakini inaweza kuwafanya watu wawili wazungumze bila panga.

La tatu ni ulimi, nami hapa sitaki kupita haraka. Mtakatifu Yakobo, sura ya 3, anasema juu ya cheche ndogo inayowasha msitu mkubwa. Katika Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Waliouana walikuwa majirani, na wengi wao walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale. Katika Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa kwa wingi pale pale, na watawa wakalazimika kuiacha nyumba yao. Mahali ambapo Zaburi ziliimbwa mchana na usiku! Sisemi haya ili kuhukumu kabila fulani, kwani kila kabila hapa lina makaburi yake. Ninasema kwa sababu kabla ya panga kulitangulia maneno: ule mzaha juu ya pua au luga ya mwenzako, habari isiyochunguzwa iliyotoka kisimani ikafika kanisani, lile neno "wale". Mkristu aliyesoma asubuhi kwamba mgeni apendwe kama mwenyeji, katika Kitabu cha Walawi, sura ya 19, anaposikia jioni neno la namna hiyo kwenye moto, hatua yake ya sita ni kusema: "Wandugu, jambo hili nani ameliona kwa macho yake?" Swali hilo ni fupi, nalo linaweza kukugombanisha na watu wa nyumba yako. Ndiyo maana linahitaji sala.

Nionye pia juu ya desturi mbili. Kuna wanaoweka Biblia chini ya mto kama hirizi, au wanaoifungua popote na kuweka kidole ili kujua kama safari itakuwa njema. Huko ni kupiga ramli kwa kitabu kitakatifu. Tena kuna wanaokusanya mistari ili kuwashinda wandugu wa makanisa mengine katika mabishano. Wakumbuke kwamba shetani naye alimletea Bwana wetu mstari wa Zaburi, katika Matayo, sura ya 4, na aliutaja bila kukosea.

Nimesikia pia malalamiko: "Mwalimu, mimi sijui kusoma," au "Biblia yangu iliungua pamoja na nyumba." Hakuna haya katika hayo. Fungueni Nehemia, sura ya 8. Ezra alisoma Sheria tangu mapambazuko hata saa sita, na taifa zima, waume kwa wake, walisikiliza kwa masikio wakiwa wamesimama. Kitabu kilikuwa kimoja. Walawi wakaeleza maana, watu wakalia, kisha wakaagizwa wale, wanywe, na wawapelekee sehemu wale wasiokuwa na kitu. Imani, asema Mtakatifu Paulo, hutoka katika kusikia. Nyumba yenye mtoto wa masomo ina msomaji: amsomee bibi yake mistari mitano kabla ya kwenda darasani, na bibi, aliyeona mengi, amweleze maana yake. Nimeona nyumba ambamo mzee asiyejua herufi ndiye anayefahamu Zaburi kuliko sisi tuliokaa seminari ndogo na kamusi ya Kilatini.

Basi, kazi yetu ni hii. Tangu siku ya kwanza ya juma lijalo mashirika yote yataanza barua ya Mtakatifu Yakobo. Ina sura 5 tu. Tutasoma mistari michache kila siku nyumbani, na siku ya mkutano tutaileta pamoja. Mwandishi wa shirika awe na kaye. Asiandike hotuba za watu. Aandike tarehe, mistari iliyosomwa, na kazi iliyoamuliwa katika hatua ya sita: nani atamwendea nani, kwa jambo gani, kabla ya siku gani. Mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza kama kazi hiyo ilifanyika. Na kama haikufanyika, isiongezwe nyingine juu yake. Mashirika yasiyo na Biblia, wasimamizi wao waje kuniona kando ya sakristia baada ya Misa, ili tuone ni shirika gani la karibu linaloweza kusoma pamoja nao.