Mashine Kuukuu ya Boti na Wajibu Wetu kwa Jamaa wa Mafia



Chama chetu kimeazimia kuwapelekea jamaa wa Mafia mashine ya boti iliyotutumikia miaka mingi katika Ziwa Mälaren. Azimio hilo ni jema. Hata hivyo, mimi niliyestaafu utumishi wa serikali kabla ya kuhamia huku, naomba tusipeleke chuma kitupu. Mashine ikizima hapa ziwani, mtu hupiga makasia hadi ufukweni. Ikizima kati ya Nyamisati na Kilindoni wakati wa kusi, chombo huchukuliwa na mkondo, na roho za watu zimo ndani.

Mashine yetu ni ya aina ya zamani, ambayo oili huchanganywa katika petroli. Haina oili nyingine ya kulainisha pistoni na beringi zake. Kipimo chake ni sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli, yaani mililita 100 kwa lita tano. Mashine za zamani zaidi hudai maradufu, kwa hiyo kila moja ifuatwe kitabu chake. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, moshi hutanda na plagi huchafuka. Aidha, tangu Agosti 2021 petroli ya kawaida ya Sweden, ya oktani 95, huwa na ethanoli hadi asilimia kumi. Ethanoli hunyonya maji na huweza kuharibu mipira ya zamani. Basi mipira yote ya mafuta ikaguliwe, na iliyochoka ibadilishwe kabla ya safari.

Anayetaka kujua hali ya mashine na aisome plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Nyeusi yenye unyevu huashiria mafuta au oili kupita kiasi. Nyeupe huonya kwamba mashine inachemka au inapata petroli kidogo. Skrubu ya kabureta irekebishwe mashine ikiwa imepata moto, rafadha ikiwa majini, tena kidogo kidogo. Ikipiga chafya na kuzima, petroli ni chache. Ikisitasita na kutoa moshi mwingi, imezidi.

Ndani ya pampu ya maji mna panka dogo la mpira. Likichakaa, maji ya kupozea hayapandi. Kila mashine iwashwapo, dereva atazame kwanza maji yanayochuruzika nyuma. Yasipoonekana, azime papo hapo. Wala mashine isiwashwe nchi kavu bila maji, hata kwa majaribio.

Oili ya gia nayo ina habari zake. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Hapa Märsta maji hayo huganda wakati wa baridi na kupasua kasha la gia. Mafia hayagandi, lakini hula meno ya gia kimyakimya.

Liko jambo moja ambalo msafirishaji husahau kwa urahisi. Kipande cha madini kinachofungwa ili kiliwe na kutu badala ya mashine hutofautiana: maji baridi kama ya Mälaren hupendelea magnesi, maji ya chumvi hutaka zinki. Tubadilishe kabla ya kufunga sanduku. Na kule, kila jioni, mashine ioshwe kwa maji baridi, ndani na nje.

Ndugu zangu, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Napendekeza mashine hii isafiri na daftari la Kiswahili lenye vipimo vyote na tarehe za matengenezo. Plagi, panka la pampu na mipira ya akiba. Na nauli ya kijana mmoja wa ukoo kwenda kujifunza ufundi katika chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo. Makasia na tanga visiachwe pwani hata mashine ikiwa nzima.

Gharama ya hayo ni ndogo kuliko matanga ya mtu mmoja.

Naomba kutoa hoja.