Injini Inapozimika Angani: Kutua kwa Dharura katika Anga ya Sitalike

Injini ya ndege ndogo ikizimika angani, ndege haidondoki. Mbawa huendelea kuibeba maadamu hewa inazipitia kwa kasi ya kutosha, na kasi hiyo sasa hupatikana kwa kushuka. Cessna 172 ikishikwa kwenye kilomita 120 kwa saa husonga mbele takribani mita 9 kwa kila mita 1 inayopoteza. Rubani aliye mita 1,500 juu ya ardhi ana kama kilomita 13 za kwenda, pungufu upepo ukimkabili, na dakika sita au saba za kuamua.

Kutoka mji wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania, hadi Sitalike ni zaidi ya kilomita 30. Injini ikizimika katikati ya njia kwa kimo hicho, uwanja wa Mpanda haufikiki, na kiwanja cha Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kiko mbali zaidi. Itabidi kutua porini.

Hapo majira ya mwaka yana uzito zaidi kuliko ustadi. Wakati wa kiangazi mbuga ya Katisunga, ndani ya hifadhi hiyo, hukauka ikawa ngumu, na hatari kubwa ni makundi ya nyati. Masika mbuga hiyohiyo hujaa maji. Kutoka juu huonekana tambarare na kijani, kumbe chini ya majani ni tope linalonasa magurudumu na kuipindua ndege. Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro, Kenya, alionja hatari hiyo mwaka 1936. Alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, mafuta yakakatika kwa sababu ya barafu, akatua kwenye kinamasi huko Cape Breton, Kanada. Pua ya ndege ilizama topeni. Yeye alitoka na jeraha kichwani. Barabara ya lami nayo huvutia, lakini nyaya za umeme hazionekani mapema, kwa hiyo rubani hutafuta nguzo badala ya waya.

Miombo ikiwa ndiyo pekee iliyobaki, jambo la kuzingatia ni kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya kugonga huwa mara nne. Kwa hiyo ndege huelekezwa upepo unakotoka na kutua polepole iwezekanavyo bila kupoteza udhibiti, mafuta na umeme vikiwa vimezimwa na milango imefunguliwa komeo isije ikakwama.

Mara nyingi chanzo cha injini kuzimika ni mafuta: yamekwisha, tangi lililochaguliwa ni tupu, au yameingia maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya tangi, na matone machache yanayokingwa kwenye chupa angavu kabla ya kuruka huyafichua. Kabureta pia huganda barafu hata siku ya joto, hewa ikiwa na unyevu mwingi. Mpini wa hewa moto ukivutwa mapema, injini huweza kurudia nguvu zake.

Baada ya kutua, kifaa cha dharura hutuma mawimbi ya megahezi 406 kwa setilaiti. Wasafiri hukaa karibu na ndege, kwa kuwa ndege huonekana kutoka angani kwa urahisi zaidi kuliko mtu aliye chini ya miti, na usiku viboko wa mto Katuma hutoka majini kwenda malishoni. Makao makuu ya hifadhi yako Sitalike, na huko ndiko askari wa kuwatafuta hutokea.